Namna ya Kuchunguza Historia ya Ukoo Kabla ya Kutumia Dawa Kali za Maumivu

Kabla ya kumeza tramado, kodeini au mofini, keti na shangazi au mjomba anayeufahamu ukoo wenu vizuri, ukiwa na karatasi na kalamu, kwa kuwa wazazi wenyewe mara nyingi huwafichia watoto habari za aina hii. Tafiti za mapacha zimeonyesha kwamba takribani nusu ya tofauti kati ya watu katika kunaswa na uraibu wa dawa hizi, zinazoitwa za jamii ya afyuni, inatokana na vinasaba. Nusu nyingine ni mazingira, yaani urahisi wa kuzipata, marafiki, msongo na maumivu ambayo hayakutibiwa.

Usianze kwa kuuliza nani alikuwa mlevi, maana mzee atanyamaza. Uliza nani akianza kunywa hawezi kuacha, nani aliwahi kutumia unga, nani alipewa dawa ya maumivu akalala usingizi mzito kupita kiasi, na nani alilalamika kwamba dawa ile ile haimsaidii hata kidogo. Andika jibu la kila mmoja pembeni ya jina lake, upande wa baba na upande wa mama. Maswali mawili ya mwisho ndiyo ambayo watu huyasahau, ingawa yana uzito mkubwa.

Uzito huo unatoka kwenye ini. Humo kuna kimeng'enya, yaani protini inayobadili dawa mwilini, kiitwacho CYP2D6, ambacho hugeuza kodeini kuwa mofini, na tramado kuwa dawa yenye nguvu zaidi. Miongoni mwa Waethiopia, takribani watu 29 kati ya 100 wamebeba nakala za ziada za jeni yake, hivyo kipimo cha kawaida cha dawa kinaweza kuwazidi. Ilhali hapa Tanzania kuna aina za jeni hiyo, zikiwemo namba 17 na 29, ambazo hupunguza kasi ya kazi hiyo. Mwenye kasi ndogo huona kidonge hakimsaidii, akaongeza cha pili na cha tatu kwa siri, na huko ndiko kwenye hatari, kwa sababu tramado nyingi huweza kuleta degedege.

Naomba msomaji asiigeuze habari hii kuwa hukumu ya kabila. Katika mkoa wa Dodoma Wagogo na Warangi huzungumza lugha za Kibantu, Waburunge lugha ya Kikushi, na Wasandawe lugha yao yenye sauti za kidoko. Nao wameoana kwa vizazi vingi. Afrika ina tofauti nyingi za vinasaba kuliko bara lingine lolote, hivyo neno "Mwafrika" halimwambii daktari kipimo cha dawa. Mfano mwingine ni jeni ya OPRM1, inayotengeneza kipokezi cha mofini kwenye ubongo, yaani mahali dawa hiyo inaposhika ili ifanye kazi: aina yake moja hupatikana katika takribani nakala 40 kati ya 100 Asia Mashariki, lakini ni adimu kusini mwa Sahara, na hata inapokuwepo mchango wake katika uraibu ni mdogo. Tafiti nyingi kubwa zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo matokeo yake yasihamishiwe kwetu bila uangalifu.

Ukienda hospitali, mpe daktari karatasi hiyo kabla hajaandika dawa, na umwombe kipimo kidogo cha dawa kwa siku chache. Mtoto aliye chini ya miaka 12 asipewe kodeini wala tramado, hata ikiwa ni dawa ya kikohozi iliyobaki nyumbani, na mama anayenyonyesha aziepuke, kwani mofini hupita kwenye maziwa.

Ikiwa ndugu yako tayari anapata arosto anapokosa dawa, akitoka jasho, akihara na kukosa usingizi, usimfungie ndani. Mpeleke kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu huu, ya Itega jijini Dodoma, pamoja na karatasi ile.