Picha ya nafsi juu ya lubugo, kwa mwenye asili ya Mexico

Ukiwa Uganda na asili yako ni Mexico, na unataka kutengeneza picha inayokueleza wewe mwenyewe, usihangaike kuagiza vifaa vya huko. Anza na lubugo, kitambaa cha gome la mti cha Buganda. Waotomi, wenyeji wa asili wa Mexico, wa kijiji cha San Pablito, jimbo la Puebla, hutengeneza karatasi ya amate kwa magome ya miti, ikiwemo ya jamii ya mikuyu: huyachemsha, huyapanga vipande juu ya ubao, kisha huyaponda kwa jiwe mpaka yashikane. Mutuba, mti wa Buganda unaotoa lubugo, ni wa jamii hiyohiyo ya mikuyu, ila gome lake hupondwa likiwa zima, kwa nyundo za mbao zenye mifereji.

Kabla ya kukata chochote, amua nini kinaingia. Kofia pana na mafuvu yenye maua ni Mexico ya maduka ya watalii, hayasemi lolote kukuhusu. Frida Kahlo, mchoraji wa Mexico, mwaka 1936 alichora ukoo wake kwa njia rahisi mno: wazazi wa mama juu ya ardhi ya Mexico, wazazi wa baba, Mjerumani, juu ya bahari. Chagua vitu vitatu vya kwenu. Mahindi yanafaa sana, maana yalianza kulimwa Mexico na leo ndiyo posho, yaani ugali, ya Kampala. Tumia maganda ya gunzi yaliyokauka, si punje. Punje huingia wadudu.

Kata plaiwudi ya milimita 6, sentimita 40 kwa 50. Kata lubugo likizidi sentimita 3 kila upande. Paka gundi nyeupe ya mbao kwenye ubao, si kwenye lubugo, kwa sababu likilowa hutanuka na likikauka hujikunja. Likandamize kutoka katikati kwenda pembeni, kisha weka uzito usiku kucha. Upande wa nyuma bandika amerikani kwa gundi hiyohiyo. Usipofanya hivyo, ubao utavutwa upande mmoja na kupinda.

Sugua kona ya lubugo kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kikitoka na doa la kahawia, rangi nyeupe nayo itachafuka. Mahali utakapopaka rangi, tanguliza mipako miwili ya gundi iliyochanganywa na maji, sehemu moja ya gundi kwa mbili za maji. Kwingine liache wazi. Lubugo lililofunikwa lote ni hasara tu.

Picha za wazee ndizo huharibika zaidi. Usibandike ya asili. Toa nakala kwa mashine ya leza, picha ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo; wino wa printa ya wino wa maji (inkjet) huyeyuka. Paka jeli ya akriliki kwenye amerikani, laza nakala uso chini, ngoja saa 24, kisha lowesha na usugue karatasi kwa kidole, taratibu, hadi sura itokee. Ikikauka, bandika kipande hicho cha amerikani juu ya lubugo. Gundi nyeupe haifai hapa: hulainika ikilowa na sura hutoka nayo. Wala usihamishie moja kwa moja kwenye lubugo, kwani nyuzi zake huivunja sura.

Fremu ya bati, mfano wa kazi za mafundi wa Oaxaca, Mexico, itoke kwenye debe la mafuta. Vaa glavu. Kunja kingo milimita 3, laza bati juu ya ndala kuukuu, uchore kwa biro iliyokwisha wino ukiwa upande wa nyuma ili mapambo yatokeze mbele. Gundi nyeupe haishiki bati vizuri. Toboa matundu, funga kwa waya mwembamba kupitia ubao.

Karatasi za shashi za papel picado, mapambo ya Mexico ya karatasi yenye michoro ya kutoboa, zikatwe sita kwa pamoja, zimebanwa kwa pini. Nyingi huchuja rangi zikilowa, basi zishone kwa uzi juu kabisa, zining'inie.

Tundika mbali na jua la moja kwa moja na ukuta wenye unyevu, hasa msimu wa mvua, lubugo lisije likaota ukungu.