Jinsi ya kupanga mafaili ya ubunifu kwenye timu ya masoko, kila mtu atumie toleo sahihi

Kama kwenye timu yenu kila siku lazima mtu aulize "jamani nani ana ile logo mpya?", basi shida yenu sio nafasi ya kuhifadhia, shida ni kwamba hakuna anayejua lipi ndo faili lenyewe. Niliwahi kuona bango kubwa limetoka kuprintiwa na logo ya zamani, tena imevunjikavunjika pembeni vile picha ndogo inavyokuwa ikivutwa kwa nguvu, kisa aliyepeleka kazi aliichukua kwenye grupu la WhatsApp, na logo sahihi wakati huo imelala kwenye laptopu ya dizaina aliyekuwa likizo. Bango likaprintiwa upya, hela ikatoka mara 2. Inauma kwa sababu kila kitu kilikuwepo.

Kwa hiyo anzeni na mahali pamoja. Google Drive, Dropbox, SharePoint, yoyote mliyonayo inatosha, muhimu mkubaliane kwamba faili ambalo haliko humo halihesabiki. Folda za juu ziwe chache: Chapa (logo, fonti, rangi), Kampeni, Picha, Video, na Zamani. Usipange kwa majina ya watu, maana mtu akihama timu hakuna atakayejua ndani ya folda yake kuna nini. Na ndani ya kila kampeni weka folda 2 tu, Kazi na Tayari. Kazi ndo jikoni kwa dizaina, mafaili ya Photoshop na Illustrator yanakaa humo, wengine hawana haja ya kuingia. Tayari kunaingia kile tu kilichopitishwa, na yule wa mitandao ya kijamii anachukua hapo bila kumuuliza mtu.

Sasa majina, hapa ndo timu nyingi zinaangukia. Angalia hili:

2025-03-14_ofa-wanafunzi_stori_1080x1920_v03.png

Deti inaanza na mwaka kwa sababu kompyuta inapanga majina kuanzia kushoto, ukianza na siku, tarehe 01 ya Desemba itakaa juu ya tarehe 02 ya Januari na mpangilio wote umekufa. Halafu kampeni, halafu inakoenda, halafu ukubwa, halafu toleo. Andika v03 sio v3, maana kwenye programu nyingine v10 itakaa kabla ya v2. Weka vistari badala ya nafasi, na achana na alama kama / au ? ambazo baadhi ya kompyuta zinazikataa. Na neno "final" lipigeni marufuku kabisa, likishaingia moja tu litakuja final2 na final_kweli na mtarudi kule kule. Kazi ikipitishwa inahamia Tayari, hiyo inatosha kuwaambia watu imeisha.

Kuhusu WhatsApp, ukituma picha kama picha inabanwa, ubora unashuka na taarifa zilizofichwa ndani ya faili zinatolewa. Ikibidi, itume kama dokumenti. Ila mi nasisitiza tumeni linki, sababu kwenye Google Drive unaweza kuaplodi toleo jipya juu ya lile la zamani na linki ikabaki ileile, kwa hiyo hata aliyepewa linki mwezi uliopita akiifungua leo anakuta toleo jipya.

Logo itunzwe kwa namna 2 angalau: SVG au PDF ya vekta (mchoro wa mistari, sio wa pikseli), hiyo unaikuza hata ukubwa wa ghorofa haiharibiki, na PNG isiyo na bakgraundi kwa ajili ya skrini. JPEG achia picha za kawaida, na ujue kila ukiiediti na kuisevu tena inapoteza kidogo. Mafaili ya kuprinti yawe na folda yake, A4 ya nukta 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508, ile posti ya Instagram ya pikseli 1080 haifiki huko.

Leseni watu wanazisahau mpaka barua ya madai ifike. Picha ya kununua, fonti, muziki wa video, kila kimoja kina masharti yake, na mtu uliyempiga picha lazima awe amesaini ruhusa. Fungueni jedwali moja: jina la faili, limetoka wapi, linaruhusiwa kutumika wapi, linaisha lini. Leseni ikiisha, faili linatoka Tayari siku hiyohiyo.

Awepo mtu mmoja mwenye dhamana ya haya yote. Wengi waone, wachache waediti, maana kinachofutwa Drive kinakaa kwenye taka siku 30 tu kisha kinapotea. Na faili likifutwa linafutika kwenye kompyuta zote zilizounganishwa, kwa hiyo Drive peke yake sio bakapu, wekeni kopi nyingine kwenye diski ya nje.

Ule mrundikano wa miaka yote msijaribu kuupanga, mtachoka wiki ya kwanza tu. Utupeni wote kwenye Zamani, mwanzo mpya uanze na kampeni inayofuata, na faili la zamani likihitajika ndo linatolewa na kupewa jina sahihi.

Mtu akiondoka kwenye timu, kaa naye kabla akaunti yake haijafungwa, mhamishe umiliki wa mafaili, kisha fungueni kazi zake 3 kubwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Fonti ikigoma au picha ikionekana haipo, ujue bado iko kwenye mashine yake, na mwenyewe bado yupo hapo wa kuitoa.