Kuingiza gari kwenye banda la futi nane bila kuacha rangi ukutani

Kwanza tuelewane, nikisema banda namaanisha banda la gari la nyumbani, maana huku kwetu ukisema gereji mtu anawaza fundi, oili chafu na Karina iliyopandishwa kwenye mawe toka mwaka juzi.

Mabanda mengi ya Mbeya yana historia moja. Mtu anajenga kidogo kidogo, nyumba inasimama, banda linakuja mwishoni linabanwa kati ya ukuta wa nyumba na fensi, na wakati huo gari yenyewe hana. Fundi anauliza bosi tuache futi ngapi, bosi anajibu weka nane, inatosha. Miaka inapita, gari inatua bandarini Dar, inapanda Kitonga mpaka huku juu, inafika getini saa mbili usiku majirani wote wako nje kuangalia, na hapo ndio bosi anagundua futi nane ni mita 2.44 tu, ukitoa plasta imebaki 2.40, na katikati ya nguzo za geti ni 2.30. Bosi huyo ni mimi. Niko Uyole, na rangi ya saiti mira yangu ya kwanza mpaka leo ipo kwenye nguzo.

Kwa hiyo kabla hujawasha gari chukua tepu. Pima ndani ukuta kwa ukuta, pima nguzo kwa nguzo, pima urefu kwenda nyuma, pima na kimo cha boriti ya juu hasa kama una Noah yenye keria. Halafu pima gari, na hapa wengi wanaliwa, kwa sababu upana unaoandikwa kwenye karatasi za gari hauhesabu mira. IST ya kwanza, ile ya 2002 mpaka 2007, upana wake ni mita 1.695. Utaikuta namba hiyohiyo kwenye Vitz ya 2005 na Noah nyingi za zamani, na sio bahati mbaya, Japani gari ikizidi mita 1.7 kwa upana inatoka kwenye daraja la gari ndogo na inaingia la juu, ndio maana wakawa wanaishia hapohapo. Harrier ya 2003 ni 1.845. Sentimita 15 zaidi, unasema si kitu, subiri ujaribu kushuka.

Hesabu yenyewe hii hapa. Banda langu ndani ni 2.40, gari ni 1.695, zinabaki kama sentimita 70. Nikiweka gari katikati kabisa kama akili inavyotaka, kila upande unabaki na 35, na kwa sentimita 35 hashuki mtu, labda mtoto wa darasa la tatu. Lakini nikiibana upande wa abiria nikaacha 15 tu, upande wangu nabaki na 55, nashuka na kitambi changu na mfuko wa nyanya. Ndio siri yote ya banda jembamba. Achana na habari za katikati. Gari ibanwe kushoto kwa abiria, na abiria wote washukie nje kabla hujaingia, akiwemo mama watoto, hata kama mvua inanyesha (tumeshagombana sana kwa hili, sasa hivi mwamvuli unakaa kwenye gari).

Mwenye Harrier kwenye banda kama langu anabaki na 40 upande wake. Inawezekana, ila kila siku asubuhi na jioni? Mimi ningevunja nguzo moja ya geti nikaijenga upya nje kidogo.

Sasa kuiingiza. Vita vyote viko nje ya banda, ukishaingiza matairi ya kwanza huku gari imekaa mshazari umeshakwama, humo ndani hakuna nafasi ya kunyoosha kitu. Tairi za nyuma haziendi njia ya tairi za mbele, ukikata kona zenyewe zinapita kwa ndani zaidi, ndio maana unaingia kwa mbele unaona pua imepita vizuri unashangilia, kumbe mlango wa nyuma unaenda kukumbatia nguzo. Kama mbele ya geti lako pana uwanja wa kutosha, ingia kwa mbele lakini panua kona, chelewa kukata, gari iwe imenyooka kabisa na banda kabla pua haijafika getini. Kama ni uchochoro kama wangu, ingia kwa rivasi. Ukirudi nyuma zile tairi zinazokata zinabaki nje penye nafasi, kwa hiyo unaweza kurekebisha kidogo kidogo hata matako ya gari yakiwa yameshaingia. Watu wanaogopa rivasi lakini kwenye banda jembamba rivasi ndio rafiki. Kumbuka tu kwamba ukigeuza gari, mlango wako nao unahamia ukuta wa pili, kwa hiyo amua mara moja utaingiaje kila siku, halafu ndio upange madumu na rafu za vitu upande gani.

Na hapo kwenye vitu niseme wazi, ukweli mchungu ni kwamba banda la Uyole kazi yake ya kwanza ni viazi. Gunia tano za viazi, mahindi ya kuuza bei ikipanda, mkaa, baiskeli ya mtoto ambaye ameshamaliza fomu foo. Toa kwanza hivyo. Au vipandishe ukuta wa mwisho juu ya boneti, kichanja cha mbao kikikaa usawa wa kifua kinabeba mengi na pua ya gari, au buti iliyochomoza nyuma kama umeingia kwa rivasi, inapita chini yake.

Kitu kilichoniokoa mimi ni mstari. Siku moja jioni tulivu niliingiza gari taratibu sana, nusu saa nzima, mpaka ikakaa panapotakiwa, sentimita 15 kwa abiria, imenyooka. Nikashuka na chokaa nikachora chini ubavuni mwa tairi zangu za upande wa dereva, nikavuta kamba kutoka hapo mpaka nje mita nne mbele ya geti, kesho yake nikapiga rangi nyeupe juu yake. Sasa nikifika nakunja mira ya kushoto kabisa (nikiwa bado nje, ukisubiri uingie umechelewa, pale nguzoni inabaki sentimita 10 tu), nashusha kioo changu, natoa kichwa, naielekeza tairi ya nyuma kwenye mstari, narudi. Upande wa abiria siuangalii kabisa. Ukianza kuangalia kushoto, kulia, kushoto, kulia, mikono nayo inafuata macho na gari inaanza kutembea kama mlevi wa komoni. Mstari ukikaa upande mmoja, upande wa pili umejipanga wenyewe.

Pa kusimama weka mbao ya mbili kwa nne chini, ipigwe misumari ya zege vizuri, tairi ikigusa unasikia unasimama. Usiweke tofali la kuchoma, ukilipanda mara mbili limekuwa vumbi. Kama unaingia kwa mbele unaweza kuning'iniza chupa ya plastiki tupu kwa uzi kutoka darini, ikigusa kioo cha mbele umefika. Na ukutani upande wa abiria pigilia vipande vya godoro kuukuu pale mlango na bampa vinapopita, maana ukuta wa tofali za kuchoma usiopigwa plasta ni msasa kabisa.

Kuhusu wasaidizi. Awe mmoja. Ukianza kurudi nyuma mtaani wanatokea makonda wanne, huyu lete lete lete, yule kata kulia, mwingine anapiga bodi kofi, na hakuna hata mmoja aliyesema kata kulia ni kulia kwa usukani au kulia kwa matako ya gari. Mira yangu iliondoka kwa staili hiyohiyo, jirani anasema njoo njoo njoo bado, kha, pole mkuu. Chagua mtu mmoja, asimame mbele unapomuona na asiwe kati ya gari na ukuta, mkubaliane mkono juu maana yake simama, basi. Watoto wote wahesabiwe wako wapi kabla hujaweka rivasi.

Kwa walio kwenye miteremko, Isanga, Itiji, huko juu kuelekea Loleza, banda lenu mara nyingi liko chini au juu ya barabara. Likiwa chini, kuwa makini na kimo, tairi za mwisho zikiwa bado kwenye mteremko paa la gari linainuka na linaweza kugonga boriti hata kama tepu ilisema litapita. Kipindi cha masika mwaga changarawe pale mlangoni, udongo wetu ukilowa gari inateleza pembeni sentimita 20 bila kukuuliza, na wewe ulikuwa na 15. Hendibreki kila siku, na jiwe kwenye tairi.

Baridi ya mwezi wa sita na wa saba usiwashe gari ndani banda likiwa limefungwa eti ipate moto wakati unakunywa chai. Moshi wa gari una kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, inaua, na banda jembamba linajaa haraka, hasa ukiwa umeingia kwa rivasi, ekzosi inatazama ukuta wa ndani, na mabanda mengi yana mlango wa kuingilia jikoni au chumbani. Fungua geti, washa, toa gari nje, ipate moto huko. Injini za siku hizi hazihitaji dakika kumi hata hivyo, endesha polepole kilomita ya kwanza inatosha.

Kutoka nako ni kama kuingia, unyooke mpaka gari yote iko nje ndio ukate. Aliyeingia kwa mbele anatoka kwa rivasi, na akikata mapema kona ya bampa ya mbele inafagia nguzo huku macho yake yakiwa nyuma. Na geti lenyewe liwekee ndoano ya kulishika likiwa wazi, kila bawa na ndoano yake, upepo wa mwezi wa nane ulishanirudishia bawa moja gari ikiwa nusu ndani nusu nje, likatua kwenye mlango wangu wa nyuma, na fundi wa rangi pale Mwanjelwa akaniuliza, tena wewe?