Kabla hujaiamini nukta ya kijani: maandalizi ya kufuatilia huduma za seva

Ukiandika `systemctl status nginx` kwenye seva ya Linux (nginx ni programu inayohudumia tovuti), unajibiwa kwa nukta ya kijani na neno active. Wengi wetu tunaishia hapo, tunafunga laptopu tunaenda kulala. Nukta hiyo inakuambia kwamba programu imewashwa na haijafa, basi. Kama ukurasa unafunguka, kama hifadhidata inajibu, kama cheti cha HTTPS kimeisha muda tangu juzi, hayo haiyajui.

Kwa hiyo kabla ya kufunga chombo chochote cha ufuatiliaji, chukua karatasi uandike, huduma kwa huduma, unamaanisha nini ukisema "iko hai". Tovuti: ombi la curl, amri ya kuita ukurasa, lijibiwe 200 (yaani sawa) ndani ya sekunde mbili. Hifadhidata ya PostgreSQL: swali dogo la `SELECT 1` lirudishe jibu. Kazi ya kuhifadhi nakala usiku: faili la leo lipo, na si tupu. Karatasi hiyo ndiyo kazi yenyewe. Chombo utakachokichagua baadaye kitafuata tu ulichoandika.

Orodha ya huduma zinazotembea utaipata kwa `systemctl list-units --type=service --state=running`. Ipitie pia kwa `systemctl is-enabled`, maana kuwa hai leo na kuwashwa seva inapoamka ni mambo mawili. Hili nimelilipia. Katika ofisi moja niliyofanya kazi, huduma ya kutuma SMS za risiti iliwashwa kwa mkono ikatembea miezi kadhaa bila tatizo. Nikasasisha kerneli (kiini cha Linux), nikawasha seva upya, tovuti ikarudi, nikajipongeza. Siku mbili baadaye mteja mmoja akapiga simu kuuliza risiti yake iko wapi. Ile huduma haikuwahi kuwekewa enable, yaani amri ya kuiwasha seva inapoamka, na hakuna chombo kilicholalamika kwa sababu hakuna aliyeandika popote kwamba inatakiwa kuwepo.

Jambo linalohitaji umakini zaidi ni kujiwasha upya. Ukiweka `Restart=on-failure` kwenye mipangilio ya huduma, systemd, msimamizi wa huduma za Linux, huinua huduma iliyoanguka baada ya milisekunde 100, na kwa mipangilio ya kawaida hukata tamaa ikishawashwa mara 5 ndani ya sekunde 10; hapo ndipo huandika failed. Sasa fikiria huduma inayokufa kila baada ya nusu dakika. Kikomo hicho haitakifikia kamwe. Itaanguka na kuinuka usiku kucha, na kila ukichungulia utaikuta kijani, huku wateja wakiona ukurasa wa kosa. Ndiyo maana ni lazima uulize `systemctl show -p NRestarts` ukifuatisha jina la huduma. Namba ikipanda kati ya asubuhi na jioni, una mgonjwa, hata kama anatembea.

Logi nazo zikaguliwe mapema. Kama saraka ya `/var/log/journal` haipo, kwenye matoleo mengi journald, sehemu ya systemd inayotunza logi, huandika chini ya `/run`, yaani kwenye RAM, na seva ikiwashwa upya ushahidi wote umepotea. Itengeneze saraka hiyo, au weka `Storage=persistent` kwenye mipangilio ya journald. Angalia na saa. Seva nyingi za kukodi huja zikiwa kwenye UTC, sisi wa Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele. Logi ikisema 23:40, kwetu ni saa nane na dakika arobaini usiku, na tarehe tayari imebadilika. Nimewaona watu wakitafuta kosa kwenye siku isiyo yake kwa saa nzima.

Kwa diski kazi ni fupi: `df -h`, kisha `df -i`, kwa sababu inode (nafasi za kuandikisha faili) zinaweza kuisha huku nafasi ikibaki tele.

Arifa zisitegemee seva ileile inayochungwa. Ikizimika, nayo haiwezi kukutumia ujumbe wa msiba wake. Weka hata kaseva kadogo mahali pengine kakiuliza kila dakika, na amueni kabla nani ana zamu usiku na simu yake itaita kwa njia gani. Barua pepe saa tisa usiku haiamshi mtu.

Kisha jaribu, siku ya kazi, saa nne asubuhi. Usitumie `systemctl stop`: huko ni kuzima kwa adabu, `OnFailure=` (mpangilio wa systemd unaowasha arifa huduma ikifeli) haitashtuka, na utadhani umekosea mipangilio. Tumia `systemctl kill -s SIGKILL` ukifuatisha jina la huduma, inayoiua papo hapo. Kumbuka pia kwamba penye `Restart=`, `OnFailure=` hungoja mpaka kile kikomo kifikiwe, kwa hiyo itabidi uiue huduma mara kadhaa haraka haraka. Weka simu mezani, uhesabu sekunde hadi iite.