Namna ya kusoma utafiti unaolinganisha kiwewe na methilesheni ya jeni baina ya makabila

Mtu aliyepitia vita, ubakaji au ajali mbaya anaweza kuishi kwa miaka na mfadhaiko wa baada ya kiwewe: ndoto za kutisha, kushtuka kwa kila kishindo, na kukwepa chochote kinachomkumbusha tukio. Watafiti wanatafuta alama ya mateso hayo katika methilesheni, yaani vikundi vidogo vya kemikali vinavyojishikiza kwenye sitosini, mojawapo ya herufi nne za kikemikali zinazounda vinasaba, na kuathiri utendaji wa jeni bila kubadili mpangilio wake. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, muuguzi au mwandishi wa habari anayesoma kwamba alama hizo zinatofautiana kati ya makabila, naye anataka kujua aamini nini.

Angalia kwanza sampuli ilikotoka. Kwa kuwa ubongo wa mtu aliye hai hauwezi kukatwa kipande kwa ajili ya kipimo hiki, tafiti nyingi hutumia damu au mate. Damu ina aina nyingi za seli nyeupe, kila aina ikiwa na methilesheni yake, kwa hiyo tafuta katika sehemu ya mbinu kama uwiano wa seli hizo umekadiriwa na kuingizwa kwenye hesabu.

Penye mtego mkubwa ni pale makabila yanapolinganishwa. Vipimo vinavyotumika sana leo husoma zaidi ya nukta 850,000, yaani mahali kwenye vinasaba panapoweza kumethilishwa, na baadhi yake ziko mahali ambapo vinasaba vyenyewe hutofautiana kati ya mtu na mtu. Aliyerithi timini, herufi nyingine ya vinasaba, badala ya sitosini katika nukta fulani hana cha kumethilishwa hapo, lakini mashine itasoma kwamba methilesheni yake ni ndogo. Ikiwa urithi huo unapatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika kuliko wa Ulaya, au kinyume chake, utafiti wa Marekani utaonyesha tofauti kati ya Weusi na Wazungu ambayo haihusiani hata kidogo na kiwewe. Kwa hiyo uliza kama nukta hizo ziliondolewa, kama asili ya mshiriki ilikadiriwa kutokana na vinasaba vyake badala ya kutegemea fomu peke yake, na kama kila kundi lilichambuliwa peke yake kabla ya matokeo kuunganishwa.

Hata hayo yakifanyika, kabila bado limebeba maisha ya watu: ubaguzi, umaskini, hewa wanayovuta, sigara. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020, uliounganisha washiriki 1,896 kutoka makundi 10 ya wanajeshi na raia, ulikuta methilesheni ya jeni ya AHRR imepungua kwa wenye mfadhaiko huo. Jeni hiyo hiyo hupungukiwa methilesheni kwa wavutaji sigara, na wenye kiwewe huvuta zaidi. Ndiyo maana watafiti walirudia hesabu kwa wasiovuta, na uhusiano ukabaki. Utafiti usiopima sigara haustahili kuaminiwa upesi.

Njia ninayoiheshimu zaidi ni ya kulishikilia kabila lisibadilike. Utafiti wa mwaka 2014 kuhusu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ulilinganisha wanawake 25 waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji hayo na wengine 25 wa kabila hilo hilo, wajawazito wa kipindi hicho hicho, ambao hawakuyapitia. Walioyapitia, pamoja na watoto wao, walikuwa na methilesheni kubwa zaidi katika jeni ya NR3C1, inayotengeneza kipokezi cha kortisoli, homoni ya msongo. Hapo tofauti haiwezi kusukumiwa kabila. Hata hivyo watu 25 ni wachache, na damu iliyochukuliwa mara moja, miaka mingi baada ya tukio, haisemi kama alama ilikuwapo kabla.

Mgonjwa asiambiwe kwamba kipimo cha methilesheni kitathibitisha ugonjwa wake, kwa sababu utambuzi bado hufanywa kwa mahojiano na mtaalamu wa afya ya akili. Nawe unapoandika habari, taja jeni, aina ya sampuli, idadi ya washiriki na jamii walikotoka katika aya ile ile yenye matokeo, wala usiandike kwamba kabila fulani “limezaliwa na kiwewe”.