Mtego umejaa nzi, mbona embe lina funza?

Embe la ngowe limeiva vizuri, lakini karibu na kikonyo pana kitobo kama cha ncha ya sindano, kimezungukwa na utomvu uliokauka. Ukilipasua, funza. Na chupa ya mtego juu ya mwembe huohuo imejaa nzi.

Chambo kimefanya kazi yake. Methili eujenoli, jamaa wa karibu wa ile eujenoli inayoipa karafuu harufu yake, huita madume tu. Anayetoboa embe na kutaga ni jike, na akishapandwa chupa ile haimhusu. Tena dume mmoja hupanda majike wengi, hivyo kuua nusu ya madume hakusaidii. Lazima wapungue karibu wote, na mapema: tundika mitego maembe yakiwa bado saizi ya ndimu, usingoje yaanze kugeuka rangi.

Nunua chambo kinacholingana na zao. Methili eujenoli ni ya nzi wa maembe aliyeonekana Pwani ya Kenya mwaka 2003 akaenea nchi nzima. Nzi wa matango, matikiti na maboga hufuata chambo kingine, kiulua (cuelure). Usitie vyote viwili katika chupa moja.

Chukua chupa ya lita moja, utoboe matundu manne ya sentimita 2 karibu na shingo. Ning'iniza chambo ndani kwa waya. Chini tia maji ya sabuni, kina cha vidole viwili, yasiguse chambo. Tundika kwenye kivuli, mita moja na nusu hadi mbili kutoka chini, upande upepo unakotokea, na uondoe majani yanayoziba matundu. Kosa linaloharibu mitego mingi ni mkono: chambo kikigusa nje ya chupa, nzi hutua hukohuko nje wasiingie. Vaa glavu, na chupa ikichafuka ibadilishe.

Paka grisi kwenye waya. Majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini, wakiingia hubeba mizoga yote, nawe utadhani hakuna nzi. Mwembeni waache, kwani huko huwasumbua nzi na kuwafukuza.

Chambo hudumu wiki nne hadi sita, lakini wakati wa kaskazi, jua likiwa kali, hesabu nne. Mwaga maji na uhesabu nzi kila wiki, uandike. Idadi ikishuka ghafla, kagua chambo kwanza kabla ya kufurahi.

Majike nao wana njia yao. Jike hawezi kukomaza mayai bila protini, ndiyo maana chambo cha protini chenye sumu humpata. Nyunyiza mililita 50 kwenye eneo la mita moja ya mraba la majani ya kila mwembe, mara moja kwa wiki, hadi mavuno yaishe. Usinyunyize matunda.

Zaidi ya yote, okota maembe yaliyoanguka mara mbili kwa wiki. Funza hutoka ndani ya embe, huingia mchangani sentimita chache tu na kujifunga ndani ya ganda (pupa), kisha huibuka nzi. Fukia futi mbili, au yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki mzito na uuanike juani hadi wafe. Kuyatupa kwenye jalala nyuma ya boma ni kuwahamisha tu. Na kama jirani ana miembe isiyotunzwa, zungumzeni mtundike siku moja, kwa sababu majike waliokwisha kupandwa kwake watakuja kutaga kwako.