Intaneti Imegoma Bwenini: Pima Kutoka Karibu Kwenda Mbali

Wi-Fi ikigoma, wengi huizima na kuiwasha, kisha huilaumu ruta. Mara nyingine intaneti hurudi, lakini sababu haijulikani na kesho yake mambo ni yale yale. Afadhali upime kuanzia kwenye mashine yako kwenda nje: kebo au mawimbi, anwani ya IP (namba ya mashine kwenye mtandao), ruta, ulimwengu wa nje, halafu majina ya tovuti. Kipimo cha kwanza kitakachofeli ndicho cha kushughulikia. Vinavyofuata vitafeli kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo usihangaike navyo kwanza.

Amri hizi ni za Windows, zinaandikwa kwenye dirisha la cmd (Command Prompt). Pale Linux inapotofautiana tumesema.

Kebo na mawimbi

Kwa kebo, tazama taa za tundu lake (RJ45). Zikiwa zimezima, usiguse mipangilio yoyote: sukuma kichwa cha kebo hadi kilie "kak", jaribu tundu jingine, kisha kebo nyingine. Kiulimi cha plastiki kikishakatika, kichwa hulegea kila meza ikitikiswa. Kata, funga kichwa kipya. Kutoka kwenye swichi (kifaa kinachounganisha kebo za mtandao) hadi kwenye mashine, kebo ya Cat5e isizidi mita 100.

Kwa Wi-Fi, nguvu ya mawimbi hupimwa kwa dBm na namba zake ni hasi, hivyo -50 ni bora kuliko -80. Kwenye -67 simu ya video bado inapita vizuri. Kwenye -80 tarajia kukatikakatika. Masafa ya 2.4 GHz hupenya kuta vizuri zaidi, ila chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu, na bwenini kila mwenye simu amefungua hotspoti. Ukiwa karibu na ruta, chagua 5 GHz.

Anwani

Andika:

ipconfig /all

Kwenye Linux ni `ip addr` na `ip route`. Mambo manne ya kusoma: anwani ya IPv4, maski (Subnet Mask, inayoonyesha ukubwa wa mtandao), lango (mstari wa Default Gateway, yaani anwani ya ruta) na seva za DNS (zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP). Anwani ikianza na 10, au 192.168, au ikiwa kati ya 172.16 na 172.31, usishtuke, hizo ni anwani za ndani, na ruta huzibadilisha kabla pakiti (vipande vya data) hazijatoka nje.

Ukiona 169.254, hapo ndipo tatizo lilipo. Mashine iliomba anwani kwa DHCP (huduma ya mtandao inayogawa anwani), haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Bwenini sababu ya kawaida ni anwani kuisha. Maski ya 255.255.255.0 inatoa anwani 254 tu, na wanafunzi 150 wenye simu na laptopu moja moja tayari wanahitaji 300. DHCP hukodisha anwani kwa muda. Muda huo ukiwekwa siku nzima, simu iliyoondoka asubuhi bado inashikilia nafasi yake jioni. Jaribu:

ipconfig /release
ipconfig /renew

Ikirudi 169.254 tena, dawa iko kwa msimamizi wa mtandao: apunguze muda wa kukodisha au apanue mtandao. Maski ya 255.255.252.0 inatoa anwani 1,022.

Kuna kosa jingine linalowapata hasa wanafunzi wa kompyuta. Kwenye maabara uliandika anwani kwa mkono, tuseme 192.168.10.5, ukasahau kuifuta. Bwenini mashine inaonyesha imeunganishwa, lakini haipati chochote. Kwenye `ipconfig /all`, mstari wa DHCP Enabled utasema No. Rudisha mipangilio ya IPv4 iwe ya kujipatia anwani yenyewe.

Ruta, kisha nje

Chukua anwani ya lango uliyoiona na uipime, kwa mfano:

ping 192.168.1.1

Windows hutuma pakiti nne kisha huacha. Linux huendelea mpaka ubonyeze Ctrl+C. Ruta iliyo chumba kimoja nawe hujibu kwa milisekunde chache. Majibu yakiruka kutoka 3 hadi 400, au pakiti zikipotea, rudi kwenye mawimbi. Ujumbe wa "Destination host unreachable" unaotoka kwenye anwani yako mwenyewe unamaanisha mashine imeitafuta ruta kwenye mtandao wa ndani na haikuiona. "Request timed out" ni tofauti: pakiti ilitumwa, jibu halikufika kwa wakati.

Lango likijibu, toka nje, uipime seva ya Google:

ping 8.8.8.8

Hapa usihukumu haraka. Fayawoli za vyuo vingi huzuia ping huku kurasa zikifunguka kama kawaida. Tena huenda hujaingiza jina la mtumiaji na nenosiri kwenye ukurasa wa kuingilia wa chuo. Ukurasa huo mara nyingi haujitokezi ukianza na anwani ya https, kwa kuwa kivinjari hukataa kuelekezwa kwingine katikati ya muunganisho uliofungwa kwa siri. Fungua http://neverssl.com, nao utajitokeza.

Majina

Ikiwa 8.8.8.8 inajibu lakini kurasa hazifunguki, ishuku DNS:

nslookup www.wikipedia.org
nslookup www.wikipedia.org 1.1.1.1

Ya kwanza inauliza seva uliyopangiwa, ya pili inauliza seva ya kampuni ya Cloudflare. Ya kwanza ikifeli na ya pili ikijibu, seva ya DNS ya chuo ndiyo mbovu. Badilisha seva kwenye mipangilio, kisha `ipconfig /flushdns`. Zikifeli zote mbili, huenda poti 53, mlango unaotumiwa na DNS, imezibwa kwenda nje.

Majina yakipatikana na kivinjari bado kinalalamika kuhusu cheti, tazama saa. Laptopu yenye betri ndogo ya saa iliyokufa huamka ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma, na vyeti vyote huonekana batili.

Inafanya kazi, ila polepole

Kwanza sawazisha vipimo. Mtoa huduma huhesabu megabiti, kivinjari huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Laini ya Mbps 8 hushusha MB 1 kwa sekunde. Faili la MB 700 litachukua karibu dakika 12 hata usipogawana na mtu.

Kisha:

tracert -d www.wikipedia.org

Kwenye Linux ni `traceroute -n`. Amri hii huorodhesha ruta ambazo pakiti hupitia njiani na muda wa kila moja kujibu. Nyota katikati ya orodha si kosa ikiwa vituo vya mbele yake vinajibu. Ruta nyingi hukataa tu kujibu vipimo. Tafuta mahali muda unaporuka na kubaki juu. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 1,000 za kebo huongeza milisekunde 10 kwenda na kurudi. Seva iliyo kilomita 10,000 za kebo kutoka kwako haitajibu chini ya 100, hata ununue bando gani.

Mrukano ukianzia nje ya chuo, chunguza habari za kebo za baharini. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na majirani. Hakuna ruta ya bwenini ambayo ingetibu hilo.

Ukilazimika kwenda kitengo cha TEHAMA, usiseme "neti haishiki". Peleka saa tatizo lilipoanza, jengo na chumba, anwani ya IP na ile ya MAC (namba ya kadi ya mtandao, mstari wa Physical Address), kipimo kilichofeli, na kama mwenzako wa chumba naye amekwama.